Bao la Kukimbia

Siku ile siisahau, mwanangu, na hasira yake ninayo mpaka leo, Mungu anisamehe. Ilikuwa baada ya Alasiri, uwanjani Makadara, sisi wazee tukicheza mpira wa kutembea. Najua nyinyi vijana mnaucheka. Mwasema ni mazishi yenye mpira. Chekeni, lakini zijueni sheria zake: hakuna kukimbia, hakuna kusukumana, na mguu mmoja lazima uwe chini kila wakati. Juu ya hizo tulijiwekea desturi yetu: aliyekimbia huinua mkono mwenyewe akautoa mpira kwa wapinzani, hata kama refa hakumwona.

Sheria hizo ndizo zilizomrudisha Mzee Mutua uwanjani. Mutua ni mtu wa bara, mstaafu wa reli, na alikuwa amefanyiwa operesheni ya nyonga. Mkewe, Mama Mwende, alikataa katakata asicheze. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao Majengo kumwomba.

"Shemeji, kule hakuna anayekimbia," nilimwambia. "Nakupa ahadi yangu."

Akakubali.

Basi siku hiyo tuliomba dua, Waislamu tumeinua mikono na Wakristo wameinamisha vichwa, tukaanza. Mutua alikuwa kipa wa upande wa pili. Upande wetu alikuwamo Twalib, rafiki yangu tangu madrasa. Mpira ulipopenya mbele ya goli, Twalib aliona hataufikia kwa kutembea. Akakimbia. Hatua chache tu, lakini alikimbia, akamgonga Mutua kwa bega, akafunga. Mutua akaanguka kwa ubavu. Refa alikuwa ametazama kwengine. Alipogeuka aliona mpira wavuni, akakubali bao.

Wenzangu wakashangilia. Hilo ndilo lililonichoma zaidi: watu wazima wenye mvi wapiga makofi na mwenzao yuko mchangani hawezi kuinuka.

Nilimwendea Twalib. "Inua mkono."

"Refa hakupiga filimbi," akasema, acheka. "Ama siku hizi refa ni wewe?"

"Nakuuliza wewe. Umekimbia, hukukimbia?"

"Nimetembea haraka."

"Twalib, adhuhuri tumeswali bega kwa bega."

"Bakari, ni mpira tu, bwana. Hotuba ngoja Ijumaa."

Nikampa kisogo, kwa sababu neno lililokuwa mdomoni mwangu lingenilazimu kutubu. Nilimkumbuka maalim wetu wa ujanani. Siku moja aliusimamisha mchezo wetu, uwanja huo huo, kwa sababu kijana mmoja aliushika mpira kwa mkono akafunga, kisha akakana. Maalim hakumchapa. Alimwambia, "Sisi hatukukuona, sawa. Na Mola wako, Yeye umemfumba macho?" Yule kijana alilia mbele yetu sote. Twalib alikuwapo, aliyasikia maneno yale kama nilivyoyasikia mimi. Ndiyo maana simpi udhuru.

Alhamdulillahi, nyonga ya Mutua haikuvunjika. Lakini nilipokwenda kumjulia hali, nilimkuta kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Mama Mwende alinipa kiti, akanimiminia chai, wala hakupandisha sauti.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mtu wa dini, ndiyo maana nilikuamini. Hatacheza tena."

Chai ile ilinishinda. Na Twalib mpaka leo husimulia bao lake barazani, na watu humcheka kwa mapenzi.

Mwanangu, Mungu amenipa mengi ya kushukuru, na subira nimefunzwa tangu utotoni, lakini hili sitalinyamazia. Sheria ya mchezo imewekwa kwa ajili ya yule ambaye akiangushwa hainuki. Ukiivunja kwa siri, unamtoa mtu huyo katikati ya wenzake, unamrudisha akatazame ukuta. Basi ukikosea na asikuone mtu, inua mkono wako kabla hujaulizwa. Na mwenzako wa upande wako akidhulumu, usimpigie makofi. Mwambie mbele ya watu, hata akiwa rafiki yako wa miaka yote, hata akikucheka.

Mola akujaalie miguu yenye nguvu, mwanangu, na akujaalie haya ya kuizuia. Amin.