Nyumba ya Tumbo Moja

Koulsoum alifika kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, mwanzoni mwa mwaka 1977, mtoto mchanga mgongoni mwa Hayrat, aliyeukimbia mji wa Mahajanga baada ya Wakomoro kuuawa mitaani. Nyumba yao kule Mahajanga ilibaki mikononi mwa Soilihi, kaka yake Hayrat. Yeye alikuwa mlinzi tu. Kwao nyumba hufuata tumbo: mama humwachia binti, naye binti humwachia bintiye.

Koulsoum alikua akimwita Hayrat mama. Hayrat alipomzaa Ramlati, Koulsoum ndiye aliyembeba. Shule hakuiona. Alifua mashuka ya hoteli za Ambatoloaka mpaka ngozi ya vidole ikababuka, na Ramlati akasomeshwa kwa jasho hilo. Lakini Hayrat alipofariki, Ramlati ndiye aliyehamia Mahajanga na mumewe, akaishika nyumba. Siku Koulsoum alipofika na mzigo wake, hakupita kizingiti.

"Dada, nyumba ni ya tumbo," Ramlati alimwambia. "Wewe mama alikuokota kwenye zile ghasia. Waulize majirani."

Soilihi, alipoulizwa, alijibu, "Koulsoum ni mtoto wetu." Ramlati alilichukua neno hilo kuwa huruma ya mzee. Koulsoum akapanga chumba Amborovy, pembeni mwa mji, akaendelea kufulia watu, na chuki akaitunza vizuri kuliko afya yake.

Miaka ikapita. Ndipo wakaja watafiti wa chuo kikuu, wakikusanya mate ya familia zenye asili ya Komoro, wapate kujua mama zao wa kale walitoka wapi. Mtafiti, mwanamke mpole, aliwaeleza kwa Kibuki, lugha ya Madagaska, kwamba mwilini mna urithi ambao mama huwapa watoto wake wote, lakini ni binti tu anayeupeleka mbele.

"Kumbe hata mwili unaifuata desturi yetu," Koulsoum alisema, wanawake wakacheka.

Alitema mate. Akamtaka Ramlati naye ateme, na Ramlati akakubali haraka, mambo yaishe.

Majibu waliyapokea barazani pa nyumba ile ile ya tumbo, Soilihi akiwa amekaa na kikombe chake cha chai.

"Ninyi wawili mmetoka katika ukoo mmoja wa mama," mtafiti alisema. "Lakini kipimo hiki hakitofautishi mama na dada yake."

Ramlati akadakia, "Basi hakikusema kuwa huyu ni binti wa mama yangu."

"Kitasemaje?" Soilihi akauliza, akikoroga chai. "Mama aliyemzaa ni Sittou."

Sittou alikuwa dada mkubwa wa Hayrat, aliyeuawa siku zile. Mtoto wake alifichwa kwa jirani, na Hayrat alipokwenda kumchukua, mtaa mzima ukasema ameokota mtoto.

"Mjomba," Koulsoum alisema taratibu, "miaka yote hii ulinyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilisema ni mtoto wetu. Dada wa mama si mama? Hayrat alikuwa mama yako, na Sittou mama yako. Mimi sikujua kwamba mnataka nichague mmoja." Akamgeukia Ramlati. "Na Sittou ndiye aliyekuwa mkubwa."

Ramlati alielewa. Haki ya binti wa dada mkubwa hutangulia. Koulsoum naye alikuwa akifikiri jambo jingine: miaka yote amemlilia mama mmoja, na kwa yule aliyemzaa yeye hajawahi kutoa chozi.

"Dada, tusameheane," Ramlati alisema.

"Tutasameheana. Si leo." Akamuuliza mzee, "Sittou alilala chumba kipi?"

Soilihi akaonyesha chumba cha mbele, alimokuwa akilala mume wa Ramlati. Koulsoum akavua viatu, akaingia, akaanza kuyatoa mashati ya shemeji yake kwenye misumari, moja baada ya jingine, akiyakunja vizuri na kuyapanga nje ya mlango.