Siku Mashine Ilipojaa

Kuna asubuhi moja naikumbuka hata leo, mwanangu, na nikiikumbuka huweka kikombe changu cha chai chini. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa kompyuta katika afisi ya chama chetu cha mazishi, Makadara, na kiburi changu, Mungu anisamehe, hakikupita mlangoni.

Makaburi yetu mengi hayana maandishi. Aliyeyajua ni Mzee Shee, mchimba kaburi, na safu zote alikuwa nazo kichwani. Wazee wa chama wakaamua zitiwe kwenye mashine kabla hajaondoka nazo. Basi miezi minne akija kila asubuhi, miguu imemvimba, akinitajia: hapa binti wa fulani, kando yake mtoto wa fulani. Mimi naandika.

Mashine ile ilikuwa na faili moja lililoandika kila badiliko kabla halijatiwa mahali pake. Ukinakili majina yote kwenye kanda ya akiba, ile nakala ya kuwekwa kando, faili hilo hupungua. Mimi nilikuwa sinakili, naona uvivu. Likanenepa hadi likaimaliza diski. Onyo lilitokea wiki nzima, nikawa nalifunga tu kama mtu afukuzaye nzi.

Asubuhi hiyo mashine ikakataa kupokea hata jina moja. Haikuharibu kitu, mwanangu; ilisimama, ikasema haina nafasi. Ilinishinda adabu. Ningemwambia Mzee Shee nimekosea, arudi kesho, yangeisha. Lakini mzee aliyekuja kwa miguu ile nitamwambiaje? Nikaona haya. Nikatafuta kitu kikubwa cha kufuta, nikaliona faili lile, nikadhani ni takataka, nikalifuta. Nikazima, nikawasha. Kumbe bila faili lile mashine haiwezi kuyafungua majina; hayakufunguka tena.

"Yashaingia majina, mwanangu?" Mzee Shee akaniuliza.

"Yashaingia, babu."

"Alhamdulillahi. Basi hata nikifa, watu watawaona watu wao."

Fundi niliyemwita kwa siri aliniambia majina hayarudi. Kanda yangu ya mwisho ilikuwa ya kabla Mzee hajaanza kuja. Nikajiapiza nitamwambia Jumatatu, tuanze upya; Jumatatu ikafika, nikasema Jumatano. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee Shee alifariki Alhamisi, nami sijamwambia.

Idi ilipofika akaja Bi Zuhura wa Kibokoni, ameshika chupa ya marashi, akitafuta kaburi la mwanawe wa pekee. Mtoto alizikwa yeye akiwa Arabuni kikazi, na Mzee alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi, limeandikwa. Nikamwambia ukweli, nalia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Nilimfuata hadi makaburini, nikamwona akinyunyiza marashi kidogo huku, kidogo kule, maana hakujua lipi ni la mwanawe.

Kwa hivyo, mwanangu, ukijaa sema umejaa. Usimwonee mtu haya hadi ukafuta usichokijua. Na ukikosea, liseme kosa lako angali hai anayeweza kulitengeneza, kwani mimi wiki moja tu ya kunyamaza imenitosha kulia umri mzima. Mola akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea", akuhifadhie uwapendao, na siku yako ikifika akujaalie watu watakaojua ulipolala.