Baba Mukwe Aliyeomba Mafuta ya Kufia

Mujukuu wangu anayesomea udaktari anasema huko Ulaya mutu aliyechoka na ugonjwa anaweza kumuomba daktari amusaidie kufa, na Wakristo wanabishana juu ya jambo hilo mupaka jasho linawatoka. Nikamwambia: sisi tulibishana zamani, wakati wa Wabeleji, ndani ya nyumba yangu. Sikumaliza darasa la tatu, lakini ubishi ule niliumaliza miye.

Tulikaa kijijini, kwenye barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Bwana yangu alikuwa ameenda kuchimba zahabu Salamabila. Mama mukwe alikuwa ameshakufa. Nyumbani tulibaki wawili: miye, bibi mupya mwenye mikono ya kutwanga mupunga wa kijiji kizima, na baba mukwe, muzee aliyepooza miguu yote miwili na kuumwa mugongo. Mudomo haukupooza hata kidogo.

Sasa, kwetu baba mukwe na bibi ya mutoto wake wanaoneana haya. Hata kupita mbele yake nilipita nimeinama. Na muzee huyo alihitaji kuogeshwa! Nilimuogesha nimefumba macho. Nilimwaga maji puani mwake, nikasugua kiti nikidhani ni bega. Na yeye alifumba yake. Vipofu wawili, sabuni moja.

Siku moja akasema, "Mama, niitie Mwalimu." Mwalimu alikuwa katekista wetu, muzee kama yeye, na walitahiriwa kambi moja. Akaja, akakaa.

"Ndugu yangu, muite Mupadri aniletee mafuta."

"Mafuta gani? Mawese si iko jikoni?"

"Mafuta ya kufia. Nimechunguza vizuri. Kila mutu anayepakwa na Mupadri haoni Jumapili ya pili. Mafuta yale ni makali. Nataka yanimalize."

Mwalimu akaruka kama amekalia siafu. "Huko ni kuua! Amri ya tano inasema usiue!"

"Sijiui. Napakwa."

"Kumuomba mutu akuue ni dhambi ileile! Uzima ni wa Mungu. Yeye alitoa, yeye atatwaa."

"Basi mwambie aje atwae. Niko hapa, sina miguu ya kumukimbia."

Siku nne Mwalimu alikuja kuhubiri, na siku nne walipigizana kelele. "Yesu alibeba musalaba wake!" alisema Mwalimu. Muzee akajibu, "Aliubeba siku moja. Miye huu ni musimu wa pili wa pamba."

Miye nilikuwa nasikiliza nyuma ya mulango. Watu wangesema mukwe alimutunza vibaya mupaka akaomba kufa. Na tena nilimupenda. Siku niliyounguza sombe, mboga ya majani ya muhogo, yeye aliila yote akawaambia wageni kwamba ndivyo wanavyopika Kasongo mujini. Nani mwingine angenidanganyia hivyo?

Mwisho Mwalimu alichoka, akamuita Mupadri. Akaja na kinga yake, baiskeli kuukuu, minyororo inalia njia nzima. Muzee alikuwa tayari. Amejifunika shuka nyeupe, kofia yake amemupa jirani, mbuzi amewaaga mumoja mumoja. Mupadri akamupaka macho, masikio, pua, mudomo, mikono, miguu. Muzee akatulia. Tukangoja. Kuku akaingia, akatuangalia, akatoka. Muzee akafumbua jicho moja.

"Baba Padri, umetia kidogo. Ongeza."

Mwalimu ilibidi aeleze. Mupadri alicheka mupaka akakaa juu ya kinu changu. Kisha akapangusa macho, akasema, "Muzee, haya si mafuta ya kuua. Ni ya kumupa mugonjwa nguvu. Ninyi munaniita wakati mutu ameshashika mulango wa kaburi, halafu munasema ni miye niliyemusukuma! Kukuombea, nitakuombea. Dawa ya maumivu nitakutumia. Kukuua, hapana, kazi hiyo sikupewa. Lakini niambie, ni mugongo unaokufanya utake kufa?"

Muzee akavuta shuka mupaka kidevuni.

"Mugongo nimeuzoea. Ni haya, Baba. Bibi ya mutoto wangu ananiogesha. Heri udongo."

Mwalimu akaangalia vidole vya miguu yake kama ndiyo kwanza anaviona. Hapo nikatoka nyuma ya mulango, na sikuinama.

"Mwalimu! Siku nne unatufundisha tusiue. Vizuri. Siku hizo nne nani alimuogesha? Amri ya Mungu uliileta, mbona ndoo ya maji hukuileta? Ninyi mulitahiriwa kambi moja, ana kitu gani usichokijua?"

"Lakini mama, miye ni mwalimu wa dini..."

"Yesu aliosha miguu ya watu kumi na wawili. Weye mumoja anakushinda?"

Mupadri akainuka juu ya kinu. Akachukua sabuni yangu, akaitia mukononi mwa Mwalimu.

Wakamubeba muzee nyuma ya nyumba, penye uzio wa matete. Dakika mbili tu, kelele.

"Maji ya baridi, muuaji weye!"

"Nyamaza! Hata kambini ulilia hivi!"

"Weye ndiye uliyelia, ukaita mama yako!"

Jirani yetu, Muislamu wa watu, akaja mbio na kofia aliyopewa, akidhani ni matanga. Akakuta marehemu anamurushia katekista povu.

Tangu siku ile Mwalimu alikuja kila siku ya pili, na aliposafiri, wanaume wa shapeli, kanisa letu dogo, walipokezana. Mujukuu anaponiuliza dini inasema nini, namujibu: kuua ni dhambi, na kumuacha mutu peke yake mupaka aone heri kufa, hiyo nayo ni dhambi, ila hiyo inakaa mustari wa mbele kanisani na haijulikani.

Muzee hakuomba mafuta tena. Aliishi misimu mitatu mingine, akafa usingizini alfajiri moja, Mungu alipotaka mwenyewe. Mwalimu alifika asubuhi na ndoo, akamuogesha mara ya mwisho, polepole, na alikuwa anamutukana huku analia.