Kucha za Esta

Laurencia wa Endabash ana hasira za karibu. Aliwahi kumfukuza mnunuzi wa maharage yetu ya ngwara mpaka barabarani, yeye na mizani yake, kwa sababu mizani ilikuwa imechezewa. Watu humwita mkorofi. Mimi ni jirani yake mwaka wa ishirini na mbili sasa, mashamba yetu yanapakana, na nasema wanaomwita hivyo wanyamaze. Kama mimi ningekuwa na nusu tu ya hasira zile, pengine mtu mmoja angekuwa hai leo.

Mtu huyo ni Lusia, binti yake wa kwanza. Alipokuwa mjamzito alikuwa akipanda kidogo tu kile kilima cha kisimani anakaa chini kuhema, na mkononi hakosi kipande cha udongo wa kichuguu anachomung'unya. Kucha zake zilipauka, zikawa nyembamba, zikabonyea katikati na kingo zikainuka kama kijiko. Tulizicheka. Mimi mwenyewe nilimwambia anaweza kunywea uji.

Na siku zote hizo, kwenye banda la mama yake alikuwa amefungwa mbuzi mnene, anamngoja Lusia ajifungue anywe supu. Ndivyo tulivyozoea kwetu: nyama, maini na mayai ni vya mzazi. Mjamzito akila vinono, eti mtoto atanenepa tumboni ashindwe kutoka. Kwa hiyo anapewa ugali, mlenda na chai ya maziwa, asubuhi na jioni. Ngwara tunazilima sisi, tunazipalilia sisi, kisha zinaingia kwenye magunia na kuondoka zote, haibaki hata ya sufuria moja. Upumbavu huo tulikuwa tunauita akili.

Lusia alijifungua nyumbani, akavuja damu, na damu yenyewe hakuwa nayo. Alikata roho kabla gari halijafika Karatu mjini, na mtoto akamfuata siku ya pili. Mbuzi akachinjwa, maana waliokuja msibani lazima wale. Nami nilikula. Nilipewa kipande cha ini, nikakitafuna hadi kikaisha.

Muuguzi mmoja aliyekuja kutoa pole ndiye aliyemweleza Laurencia kuwa kucha za namna ile mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, mwili umeishiwa madini ya chuma, na kwamba hamu ya udongo huendana na tatizo hilohilo. Laurencia aliuliza swali moja tu, ukucha huchukua muda gani hadi kuwa vile. Akaambiwa ni miezi. Miezi yote hiyo vidole vya Lusia vilikuwa mbele ya macho yetu.

Miaka tisa baadaye mwanawe Josephati, anayeendesha watalii Ngorongoro, akamwoa Esta, msichana wa Karatu mjini aliyekuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli ya watalii. Mimba ilipofika miezi saba Esta akaja Endabash kupumzika. Kazini kwao walitakiwa kupaka kucha rangi, na Esta alikuja nayo, nyekundu inayong'aa, akaendelea kuirudishia kila ilipobanduka. Alikuwa mpole, hapendi kusumbua watu. Alikuwa anachoka mno, nasi tukasema ni mtoto wa mjini, jembe hajalizoea. Baba mkwe wake, mzee Leonce, akanunua mbuzi na kumfunga bandani.

Siku moja mchana Laurencia alikuwa anammiminia Esta maji ya kunawa. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kidole gumba, na tone la maji likatua juu ya ukucha ule likakaa, halikuteleza. Laurencia akaweka jagi chini. Alikwenda dukani mwenyewe, akarudi na dawa ya kuondolea rangi, akazifuta zote kumi. Zote zilikuwa vijiko.

Esta akaanza kulia na kueleza. Udongo ulikuwa mkobani. Vidonge vya damu alivyopewa kliniki navyo vilikuwa humo, karibu vyote, maana vilimtia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, akaogopa. Vichache alivyomeza alivisindikiza kwa chai. Laurencia hakumgombeza. Alitoka uani akamwambia mumewe achukue kisu.

Mzee Leonce alisema kwa upole, "Mama Josephati, huyo ni mbuzi wa uzazi. Atamla akijifungua."

"Wa Lusia alimla nani?"

Nilikuwa nimesimama hapo mpakani na jibu nilikuwa nalo. Nilitazama chini. Mzee akaenda kuchukua kisu.

Kesho yake walikwenda kliniki, na damu ya Esta ikapimwa, ikawa sita, wakati mjamzito anatakiwa afikishe kumi na moja. Muuguzi alisema wazi kuwa kwa damu ya namna hiyo mbuzi peke yake hatoshi. Akapelekwa hospitali Karatu, akaongezewa damu, akarudi na vidonge vingine na maelekezo ya kuvimeza kwa maji, chai ikae mbali kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tangu siku hiyo Laurencia alisimama mbele yake kila jioni mpaka kidonge kipite kooni. Ini alipikiwa, mboga ya mnafu na mayai pia. Mnunuzi wa ngwara alipokuja, Laurencia akakalia gunia moja, akakataa kuinuka. Mzee Leonce alibembeleza, kisha akachoka.

Esta alijifungulia hospitalini mtoto wa kike. Damu ilimtoka, lakini safari hii alikuwa nayo ya kutosha. Aliporudi nyumbani tukajaa uani kumtazama mzazi, na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba banda ni tupu, mzazi gani huyu asiyekuwa na supu. Laurencia akaunyanyua mkono wa Esta mbele yetu. Kuanzia shinani kucha zilikuwa zinaota bapa, zenye rangi ya waridi, na mbonyeo ulikuwa umebaki nchani tu.

"Supu ameshakunywa mwenyewe," akasema. "Nyie mlikunywa ya Lusia."

Tukaletewa ngwara, nami nikapokea sahani yangu nikala.