Kabla Sakitu Haijayeyuka

Siku yangu ya kwanza kazini, Kilburn, sikushika kamera. Niliingizwa chumba cha giza, kile cha kusafishia filamu, nikapewa aproni. Mimi na mama tulikuwa na miezi minne tu London. Mombasa, marehemu baba alikuwa na studio, nami nilipiga picha za harusi tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Kampuni hii ilichapisha kalenda za mandhari. Nilimweleza Meneja kwamba mimi ni mpiga picha.

"Wapiga picha tunao," alisema. "Tunayemkosa ni mtu wa kusafisha filamu bila kuziharibu."

Nilisafisha miaka miwili, sikuharibu hata moja. Kila mwisho wa vuli Mpiga Picha Mkuu alileta picha za mashamba yenye sakitu, yaani umande ulioganda ukawa mweupe juu ya nyasi. Na kila mara sakitu ile ilitoka ya kijivu kama majivu ya jikoni. Vuli ya tatu nikamwambia.

"Kipima mwanga kinakudanganya, bwana. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi. Inabidi uongeze mwanga kuliko kinavyosema."

"Mombasa uliona sakitu wapi?"

"Sikuiona. Lakini nimepiga picha mabibi harusi wengi wa Kigoa, wale Wahindi Wakristo, gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe."

Meneja alikuwa mlangoni. Akaniazima kamera na filamu moja ya picha kumi na mbili. "Ijumaa kalenda inakwenda kiwandani. Ukishindwa, rudi kwenye sinki lako, na nisisikie tena habari ya kipima mwanga."

Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi alfajiri nilipanda basi la kwanza hadi Stanmore, kwenye uwanda wenye miti ya mialoni. Ukungu ulikuwa mzito, mti ulio hatua ishirini sikuuona. Nikasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikapiga mbili za kujaribu. Ya tatu ilikataa. Baridi ilikuwa imegandisha mafuta ya shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga. Nikaizungushia kamera shali yangu, nikaiingiza ndani ya koti, nikaikumbatia. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa aliniuliza kama naumwa.

"Siumwi. Naipasha moto kamera."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Vidole vilikufa ganzi, lakini sikuondoka. Hatimaye jua likatoboa ukungu na mwaloni mmoja ukajitokeza, mweupe mpaka vitawini. Nilijua sakitu haitasubiri. Nikairudisha kamera mahali pake, shata ikakubali. Nikapiga zote kumi zilizobaki, nyingine nikiongeza mwanga hatua moja, nyingine mbili.

Mchana ule niliisafisha filamu mwenyewe. Mpiga Picha Mkuu aliziangalia picha juu ya meza ya taa, moja moja. Akaitenga ya saba.

"Hii," alisema. Kisha akaongeza, "Vuli ijayo utatoka nami."

Kalenda ilipotoka haikuwa na jina langu, ila la kampuni. Mama aliitundika jikoni na kuifungua Novemba, penye mwaloni wangu, tangu mwezi wa kwanza. Mwaka mzima tarehe tulizitafuta gazetini.

Nilikuwa msaidizi miaka mitatu, nikapelekwa Wales, kisha Scotland, na mwishowe nikakalia kiti cha Mpiga Picha Mkuu mwenyewe. Sasa nimestaafu. Ninyi vijana kamera zenu huwaonyesha picha papo hapo, na nafurahi kwa ajili yenu, ingawa bado nazo hudanganywa na weupe. Wengine huniuliza ni asubuhi gani iliyokuwa nzuri kuliko zote. Ni ile aliyofariki mama. Kutoka dirisha la hospitali niliona ukungu umelala chini na kila jani limevaa sakitu. Kamera ilikuwa garini. Niliiacha huko, nikabaki nimemshika mkono.