Neno Ambalo Mwalimu Devshi Hakulipitisha

Kwa karibu miaka ishirini Devshi Vankar amekuwa akiwafundisha watoto wa darasa la kumi namna watu wanavyogawana madaraka, na katika miaka yote hiyo kijiji chake mwenyewe, Moti Dhar, hakijapiga kura ya kumchagua mwenyekiti hata mara moja.

Uchaguzi huitishwa, hilo lazima lisemwe. Tangazo hubandikwa, fomu huletwa. Lakini kabla siku yenyewe haijafika, wazee wa mtaa wa juu hukutana uwanjani pa hekalu, wakanywa chai yao kwenye visahani na kutaja jina moja. Jina hilo hupelekwa peke yake kwa ofisa wa uchaguzi, na palipo na jina moja hakuna cha kupigia kura. Serikali nayo hukipa kijiji cha namna hiyo ruzuku, ati kwa kuwa kimekaa kwa amani. Amani! Mtaa wa chini, wanakokaa wafumaji na wachuna ngozi, haujawahi kuitwa kwenye chai ile. Wala bomba la maji halijawahi kufika huko. Wanawake wake huteremka na mitungi ya shaba kichwani mpaka kisima cha bondeni, na kiangazi kikikaza huchota tope.

Huko ndiko alikozaliwa Devshi. Baba yake alikufa angali mdogo, akalelewa na baba mdogo, Bijal, mfumaji mwenye kilemba cheupe, ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona bila kilemba hicho. Mtoto aliposhinda mtihani wa kwenda chuo cha mjini Bhavnagar, Bijal aliuza nyati wake wa pekee wa maziwa, na kwa mwaka mzima nyumba ile ikanywa chai ya rangi. Devshi akarudi mwalimu wa somo la jamii katika sekondari ya kijiji cha barabarani. Shuleni watoto husimama akiingia na kumwita saheb. Lakini kwenye kibanda cha chai cha Moti Dhar, kikombe chake bado huwekwa pembeni, juu ya ukuta, pamoja na vya ndugu zake, maana watu wa mtaa wa juu hawagusi chombo alichonywea mfumaji, na akimaliza hukiosha mwenyewe.

Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye sauti nzuri ya kusomea. Jioni alikuwa na desturi ya kumsomea mkewe, Rambha, masomo ya kesho yake, kisa na maana ajipime kama yanaeleweka. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeyasikiliza kwa nia.

"Mwaka huu kiti ni zamu ya mwanamke," Rambha alimwambia jioni moja, mikono yake imo katika unga wa uwele. "Nitachukua fomu."

"Fomu ya nini?"

"Ya kuazima ngamia. Ya nini unadhani?"

Devshi aliweka kitabu chini. "Mavjibhai wa mtaa wa juu ameshamtaja mkewe."

"Mkewe huyo nimemwona mara mbili tangu nije kuolewa hapa. Atakayekikalia kiti ni Mavji na masharubu yake."

"Lakini Rambha, hatuwezi kushinda. Wao ni wengi mara tatu."

"Nani kakutajia kushinda? Wewe si ndiye unayenisomea? Majina yakiwa mawili, lazima sanduku la kura liletwe. Sanduku likiletwa, Mavji atashuka huku kuomba kura. Basi, nataka nimwone akishuka. Akanyage tope letu, akute mitungi mitupu, halafu aseme kwa kinywa chake mwenyewe atatufanyia nini."

Devshi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Asubuhi yake alimpeleka kwa pikipiki hadi ofisi ya wilaya. Fomu ilipopokelewa na kupigwa mhuri, Rambha aliitazama stakabadhi njia nzima ya kurudi, sari ikimpepea.

Mavji hakuja juu, hakupiga kelele. Alituma vitamu vya maziwa, boksi zima, na salamu kwa dada Rambha. Kisha mashine ya kusaga ya mtaa wa juu ikawa mbovu kila Rambha alipofika na uwele wake, na ikapona akishaondoka. Kwenye kituo cha maziwa wakasema ya nyati wake yana maji. "Yana maji?" Rambha aliuliza mbele ya watu. "Kama nyumbani kwangu kungekuwa na maji ya kuchanganya, ningegombea ya nini?" Wanawake wa mtaa wa chini walicheka mpaka wakashika mbavu, na kwa siku kadhaa maneno yale yakapita nyumba hadi nyumba. Akawa anabeba nafaka yake mpaka kijiji cha pili, na hakulalamika.

Darasani nako habari zilifika. Walikuwa kwenye ile sura ya nchi mbili za mbali: Ubelgiji, ambako watu wa lugha tofauti walikubaliana kugawana, na Sri Lanka, ambako walio wengi walichukua vyote mpaka damu ikamwagika.

"Saheb," akauliza msichana wa dawati la mbele, "na Moti Dhar je? Ni Ubelgiji au Sri Lanka?"

"Ubelgiji!" akadakia kijana wa mtaa wa juu. "Sisi hatugombani."

"Hamgombani kwa sababu mnaongea wenyewe tu!" sauti ikatoka nyuma.

Darasa zima likaangua kicheko, na Devshi akacheka nao. Alipogeuka kuandika ubaoni aliona hajui aandike nini. Akaandika tarehe.

Mavji hakuwa mjinga. Alipoona boksi la vitamu na mashine ya kusaga havikufua dafu, alitafuta silaha nyingine, na silaha hiyo ilikuwa ahadi. Alitangaza pale hekaluni kwamba safari hii ruzuku ya kijiji, kitu cha kwanza itakachofanya, ni kupeleka bomba mtaa wa chini. Akaapa. Lakini ruzuku hutoka kijiji kikikubaliana kwa kauli moja; kura ikipigwa, hakuna ruzuku, na bila ruzuku hakuna bomba. Basi nani anawanyima maji watu wa mtaa wa chini? Mavji? La, si Mavji tena. Ni Rambha.

Huu ndio ujanja wa wenye nguvu tangu dunia iumbwe: mzigo wanaotutwisha hutuachia tugombane nao sisi kwa sisi. Wale wanawake waliocheka wakishika mbavu wakaanza kunyamaza Rambha alipofika kisimani. Mmoja alimwambia waziwazi, "Dada, kiti utakalia wewe, mtungi nitabeba mimi." Hakuwa na ubaya, alikuwa mjamzito na mtungi ulikuwa mzito.

Siku ya mwisho ya kuondoa majina, asubuhi, alikuja Bijal mwenyewe. Nyuma yake walikuja wanaume wa mtaa, wakabaki uani, wamechuchumaa. Kule mwisho wa njia, pasipo na tope, gari la Mavji lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli na dereva wake amelala.

Kwa desturi ya hapo mke hafunui uso mbele ya mkubwa wa mumewe, wala hasemi naye. Rambha alivuta sari mpaka kidevuni, akasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Neno lake kwa mzee hupitia kwa mtu mwingine, na kwa kawaida mtu huyo alikuwa mama mkwe wake, mamaye Devshi. Lakini mama mkwe siku ile alikaa kitandani analia, anajua kilichomleta shemeji yake. Akabaki Devshi, katikati ya chumba.

"Mwanangu," Bijal alisema, "sikuja kwa ajili ya Mavji. Mavji ni mwongo. Unadhani sijui? Ameanza kunidanganya wewe hujazaliwa. Lakini hata mwongo mara mojamoja hupitiwa akasema kweli. Mjukuu wangu aliteleza kisimani, mguu ule haukunyooka tena. Acha tubahatishe, mwanangu."

"Kaka," Devshi alisema, kwa maana ndivyo baba mdogo anavyoitwa huko, "sheria inampa haki..."

"Inampa, sikatai. Sijaja na sheria mimi."

Mzee akainua mikono yote miwili, akakivua kile kilemba, akainama polepole kwa magoti yaliyochoka, akakiweka sakafuni mbele ya mlango wa jikoni.

Uani mtu alivuta pumzi. Kilemba cha mzee ndicho heshima yake. Akikivua na kukiweka miguuni pako, amekupa yote aliyo nayo, na ukikiacha pale chini umemzika akiwa hai. Kichwa cha Bijal kilikuwa na upara, cheupe kuliko uso, na mstari uliokatwa na miaka ya kitambaa. Devshi hakuwa amewahi kukiona. Alitamani asikione.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya chini lakini haikutetemeka.

"Mwambie kaka, kama Mavji anataka kutupa maji, hakuna aliyemshika mkono. Atupe na kura tupige. Mwambie jina langu siliondoi."

Kila mtu alisikia. Hata waliokuwa uani walisikia. Lakini Bijal hakuutazama mlango, kwa sababu kwa desturi hakuna kilichosemwa bado. Alimtazama Devshi.

"Mkeo anasemaje?"

Lilikuwa jambo dogo. Kurudia maneno tu, kazi anayoifanya kila siku ya Mungu mbele ya watoto. Neno lisipopita kwake, lilikuwa halijazaliwa. Alikuwa na vifungu vya katiba kichwani, cha usawa, cha utu, cha mabaraza ya vijiji; angeweza kuvitaja usingizini. Akatafuta kimoja kinachohusu kilemba kilicho sakafuni, na upara wa mtu aliyeuza nyati ili wewe usome.

"Anasema," Devshi alianza.

Sauti ikakwama hapo.

"Mwambie," Rambha alisema tena.

"Anasema..."

Bijal alingoja. Hakuwa na hasira usoni, na heri angekuwa nayo. Mama mkwe aliacha kulia ili asikie. Devshi alifumbua kinywa mara ya tatu na hakikutoka kitu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani na kamba inakuja peke yake.

Mlango ukafunguka. Rambha akatoka na uso wake umefunikwa, akapiga magoti, akaokota kilemba kwa mikono miwili. Akakikung'uta vumbi. Akampa mama mkwe, naye akampa mwenyewe. Kuokota ndiko kukubali. Hapakuhitajika neno tena.

Gari la Mavji likawachukua yeye na Devshi mpaka ofisi ya wilaya. Ofisa wa uchaguzi alikuwa kijana mwenye miwani, mstaarabu, aliyefuata taratibu zote.

"Unaondoa jina kwa hiari yako, dada?"

"Ndiyo."

"Hakuna aliyekutisha au kukulazimisha?"

Devshi, aliyesimama nyuma yake, aliomba moyoni kijana yule aulize kwa namna nyingine. Aulize nani alilia, aulize nani alinyamaza. Rambha hakugeuka.

"Hakuna," alisema. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana hakuna mahakama itakayoisikia kesi hii.

"Vizuri," ofisa akasema, akamsogezea kalamu.

Siku ya kura Moti Dhar ilikuwa kimya, watu wako mashambani wanachuma pamba. Devshi hakuwapo. Walimu wa serikali ndio wanaosimamia vituo, naye alipangiwa kijiji cha mbali, upande wa pili wa wilaya, ambako wagombea walikuwa watatu na matusi yalikuwa yamechorwa ukutani. Kazi yake ilikuwa kupaka wino vidole. Alivipaka kutwa: vya wakulima vilivyopasuka, vya mabibi arusi vyenye hina. Bibi mmoja wa makamo, mweusi wa jua kama yeye, alisimama mbele ya kibanda cha kupigia kura akasita. Devshi akamsogelea amsaidie.

"Wewe rudi huko!" bibi akamfokea. "Nimekuja na goti hili ili uchungulie?"

Foleni nzima ikacheka. Devshi akarudi kwenye kiti chake, akainamia kichupa cha wino ili wasimwone macho.

Alifika nyumbani jua limeshatua, Rambha yuko jikoni anapiga mikate ya uwele kwa viganja. Mama alikuwa wa kwanza kusema. Watu wa Mavji walikuja leo kupima njia ya bomba, wamechora mstari wa chokaa. Umeanzia kwenye tangi, ukapita kwa Mavji, ukafika hekaluni.

"Na huku?"

"Chokaa imewaishia. Bijal anasema watarudi kesho."

Devshi aliketi. Rambha akauliza, amempa mgongo:

"Huko ulikokwenda, watu walijitokeza?"

"Walijitokeza. Foleni ilifika barabarani."

"Wanawake?"

"Wengi kuliko wanaume."

"Walijifunika?"

"Baadhi. Lakini wakishaingia kibandani hakuna anayewaona. Wanachagua wenyewe."

"Nawe uliwaambia nini?"

"Siwaambii kitu, Rambha. Msimamizi haruhusiwi kusema neno."

Aliugeuza mkate kwenye kikaango cha udongo, akaubonyeza kwa kitambaa.

"Basi hiyo ni kazi unayoiweza," alisema, akamsogezea sahani.