Damu ya Fahali wa Nyamhanga

Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, hapakuwa na mtu pale kijijini Ogwedhi aliyejua makosa ya tumbo kama Onsongo. Nguruwe, kambare, pombe, kahawa: kwa kila kimoja alikuwa na aya ya kukikataza, na angekusomea hata kama hukumwomba. Alikuwa Mkisii mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa kando ya soko la mifugo, tena mwalimu wa Shule ya Sabato. Muumini mwenzake Bichage alipokutwa akila damu ya kupikwa kwenye sherehe, Onsongo ndiye aliyesimama kanisani akamsema mpaka watoto wakalala. Bichage akahamishiwa benchi la nyuma, na bado alikuwa huko, peke yake.

Sasa hebu mtazame Onsongo huyo huyo kwenye benchi la hospitali mjini Migori, pamba kidoleni, jasho likimtoka. Daktari ameagiza damu yake ipimwe, na Onsongo anajua kilichomo.

Yalianza na uchovu. Kupanda kutoka mtoni kulimshinda, masikio yakavuma, akawa anasinzia dukani huku wateja wakijipimia chumvi wenyewe. Hakumwambia mkewe, Kemuma. Mwanamume wa umri wake atamwambiaje mke kwamba anaogopa kufa? Alimwambia jirani yake Nyamhanga, mfugaji wa Kikuria, na Nyamhanga hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfunga fahali kamba shingoni, akautoboa mshipa kwa mshale, akakinga damu kwenye kibuyu, akaichanganya na maziwa. Onsongo alifumba macho kama anayeomba, akanywa. Tangu hapo akawa mtu wa kwenda kwa Nyamhanga, eti kutafuta ng'ombe wa kununua, na hakununua hata ndama.

Kemuma ndiye aliyemkokota hospitali, baada ya kumwona akishika ukuta ili afike mlangoni. Daktari, kijana wa Kijaluo aitwaye Cephas, alimvuta kope la chini, akaguna, akaagiza apimwe damu na choo.

"Daktari," Onsongo aliuliza, "hii kipimo inaona nini na nini?"

"Inaona yote, mzee," Cephas alijibu ili kumtuliza. "Usiwe na wasiwasi."

Wasiwasi ukamjaa tele. Damu ikiwekwa chini ya kile chombo chenye jicho la kioo, si watamwona fahali wa Nyamhanga humo ndani, pengine na pembe zake? Daktari atasema, Kemuma atasikia, na nafasi ipo tele kando ya Bichage. Aliapa moyoni kwamba lolote litakalosemwa, yeye hatafungua mdomo.

Walipoitwa, Cephas aliwaonyesha karatasi nyeupe yenye doa la damu, akaiweka kando ya kadi yenye rangi nyekundu za kila aina, kutoka iliyokolea hadi iliyopauka.

"Mzee, mtu mwenye nguvu, damu yake inafanana na hii ya juu. Yako, angalia, iko huku chini. Damu yako ni kidogo sana."

Onsongo alikuwa amejitayarisha kwa kila neno isipokuwa hilo. Alisahau kiapo, akamsahau hata Kemuma, akabaki mtu aliyepunjwa.

"Kidogo?" akafoka. "Itakuwaje kidogo, na mimi nimekunywa ya fahali tangu mvua ianze?"

Nesi aliyekuwa akichemsha sindano aligeuka. Kemuma hakugeuka, alikuwa anamtazama tayari.

Cephas alijikaza asicheke. Akaeleza kwamba damu ya kunywa huenda tumboni kama chakula kingine, haiingii kwenye mishipa, na hakuna kipimo chake kinachoweza kumwona fahali. Kilichoonekana ni mayai ya minyoo ya safura, kwenye choo alicholeta ndani ya kibiriti. Minyoo hiyo huingilia kwenye nyayo, ikakaa tumboni ikinyonya.

"Wewe unakunywa ya fahali, mzee, na wao wanakunywa yako. Huna viatu?"

"Ninavyo," alijibu kwa unyonge. Vilikuwa vinaning'inia shingoni mwake, vimefungwa kwa kamba zake. "Ni vya Sabato."

Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akaamriwa avae viatu kila siku, shambani pia, na ale maini.

Hukumu ilitolewa jikoni. Kemuma aliyaosha maini mpaka yakapauka, akayakaanga mpaka yakawa magumu kama soli.

"Mama Nyasuguta, mbona hayatafuniki?" Onsongo alimwuliza mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ni ya mtu asiyekula damu," alisema. Kisha akaketi kando yake. "Nimelala kando yako miezi yote hii nikikusikia ukihema, nikingoja uniambie. Siku nyingine ukiogopa kufa, Baba Nyasuguta, uniambie mimi kabla ya Nyamhanga na fahali wake."

Onsongo aliona haya ambayo kanisa zima lisingeweza kumtia. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kutafuna mpaka sahani ikaisha.

Kemuma hakumwambia mtu. Lakini Sabato iliyofuata, Bichage alishtuka kumwona mwalimu akija mpaka benchi la nyuma, viatu vyake vimejaa matope ya shamba.

"Sogea kidogo, ndugu yangu," Onsongo alimwambia.